Msibadilishe Balbu Mkaiacha Flasha: Barua ya Wazi kwa Mafundi wa Waya wa Lokichar, Lodwar na Kakuma

Kwa mafundi wa waya, na kwa wenye maduka ya spea, kuanzia Lokichar mpaka Kakuma.



Mimi ni dereva. Gari langu ni Probox na njia yangu mnaijua: Lokichar kwenda Lodwar, siku nyingine nafika Kakuma, na mara mojamoja nateremka Kainuk hadi Kitale kuchukua mizigo. Nyinyi ndio mnaoniweka barabarani, na wengine wenu mmewahi kulala chini ya gari langu saa tisa za mchana, jua likiwa limeuchoma mchanga. Hilo silisahau. Naandika kwa sababu ya jambo moja ambalo limenisumbua kwa miezi, na ambalo naliona kila jioni nikikaa steji nikitazama magari yanavyoingia mjini. Mnatutolea balbu za zamani kwenye indiketa, mnatuwekea za LED, halafu kazi inaachwa nusu. Nusu iliyobaki ni flasha, ni athi (waya wa kwenda kwenye bodi), ni rangi ya taa. Gari linatoka gereji likiwa na taa mpya na ugonjwa mpya.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe.

Balbu zangu za nyuma zilikuwa hazimalizi mwezi. Uzi wa ndani hukatika kwa mtikisiko, na anayeikumbuka barabara yetu kabla ya lami haulizi mtikisiko ulitoka wapi. Fundi mmoja, ambaye simtaji wala simlaumu peke yake, akanishauri niweke LED. Ushauri ulikuwa mzuri. LED haina uzi wa kukatika, haichoshi betri, na huwaka papo hapo bila kungoja uzi upate moto. Akabadilisha balbu zote nne za indiketa. Nikawasha indiketa ya kulia, ikaanza kupepesa mbiombio kama jicho lililoingiwa na mchanga. Ndani ya dashibodi, ile tik-tok niliyoizoea miaka yote ikawa tik-tik-tik-tik isiyo na pumzi. Nikamwuliza, akanijibu: "Hiyo ni kawaida ya LED."

Nilirudi siku ya tatu kwa sababu masikio yalikataa kuzoea. Safari hii akaleta rizista, vile vipande vya rangi ya dhahabu vyenye mifereji ubavuni, akaviunga kwenye nyaya za taa za nyuma na kuvifunga kwa kamba ya plastiki juu ya plastiki ya taa yenyewe. Mapigo yakatulia. Nikalipa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka Lodwar. Karibu na Loichangamatak nikakuta matatu imepasukiwa tairi, kina mama na watoto wamejibanza kwenye kivuli cha gari. Nikaegesha nyuma yao na kuwasha hazadi ili malori yatuone kwa mbali. Jeki yao ilikuwa inazama mchangani, tukahangaika kutafuta ubao wa kuiwekea chini, na nusu saa ikapita hivyo. Harufu ikanijia. Kwanza nilidhani ni breki za mtu. Kijana mmoja akanyoosha kidole kwenye gari langu: moshi mwembamba ulikuwa unatoka pembeni mwa taa ya nyuma. Nikafungua buti, nikang'oa kifuniko cha ndani. Rizista ilikuwa imezama kwenye plastiki kama sufuria ya moto juu ya nta. Bila kufikiri nikaishika niichomoe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina alama hadi leo.

Nyuma ya kiti kulikuwa na mtungi wa lita 20 wa petroli niliyokuwa nimeagizwa.

Baada ya hapo niliamua kujifunza. Nimeuliza mafundi wa Kitale, nimekaa na mzee aliyefanya kazi ya umeme wa malori tangu zama zile barabara ya Kitale hadi Lodwar inajengwa kwa msaada wa Norwe, nimefungua flasha mbili zilizokufa nikaona kilichomo. Ninayoyasema hapa wengi wenu mnayajua kunishinda. Nayasema kwa ajili ya wale wasioyajua, na kwa ajili ya sisi madereva, ili fundi akituambia "ni kawaida" tuwe na la kumjibu.

Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwa gari la volti 12, balbu moja huvuta karibu ampea 1.75. LED inayokaa mahali pake huvuta sehemu ndogo tu ya hiyo, mara nyingi chini ya nusu ampea. Sasa flasha, kile kidude kinacholia chini ya dashibodi, imetengenezwa kupima mkondo unaopita ndani yake. Balbu moja ikifa, mkondo unapungua, nayo flasha inaongeza mbio makusudi ili dereva aliyekaa mbele ajue kwamba nyuma kuna taa imezimika. Kwa hiyo gari langu lilipopiga tik-tik-tik, halikuwa na kichaa. Lilikuwa linaniarifu, kwa hesabu ya zamani, kwamba balbu zimekufa. Na flasha za kizazi cha nyuma zaidi, zile zenye kibati cha metali mbili kinachopinda kikipata joto, zenyewe zikipewa LED hazipati joto la kutosha: taa inawaka na kubaki imewaka, haipepesi kabisa. Mteja mmoja atakuja akilia kwamba indiketa inakimbia, mwingine atalia kwamba imeganda. Ugonjwa ni uleule.

Rizista hutibu dalili tu. Inakula umeme ule ambao LED ilikuja kuuokoa, ili flasha idhani balbu ya zamani bado ipo. Ile inayouzwa sana kwetu ni ya omu 6. Injini ikiwa inazunguka na volti zimefika 14, kila inapowaka inageuza zaidi ya wati 30 kuwa joto. Kwa kupinda kona moja, haina neno. Kwa hazadi ya nusu saa, ndani ya kasha la taa lisiloingia upepo, katika nchi ambayo mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 bila mtu kushangaa, ni jiko. Na kuna kosa linalopita hilo. Nimeona rizista hiyohiyo ya gari dogo ikifungwa kwenye lori. Lori ni volti 24. Omu 6 kwa volti 24 ni ampea 4, ni wati 96, kwenye kidude kilichoandikwa wati 50 ubavuni. Fundi aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya. Hakupiga hesabu tu. Lakini lori lile lilikuwa linaelekea Kakuma likiwa na magodoro.

Dawa yenyewe ni flasha ya LED. Hiyo ina saa yake ndani, haijali mkondo ni mwingi au ni mchache, na bei yake haimfilisi mtu. Inataka mambo mawili tu. La kwanza, nyingi zinahitaji waya wa athi, kwa hiyo gari lenye flasha ya miguu miwili lazima liongezwe waya wa tatu hadi kwenye bodi. La pili, someni herufi kabla ya kuchomeka: B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni athi. Flasha mbili zinaweza kufanana kama mapacha, miguu mitatu kwa mitatu, huku L na E zimebadilishana nafasi. Ukiichomeka kwa kubahatisha unachoma fyuzi, kisha mteja anaambiwa flasha za LED ni feki.

Yapo magari mapya yasiyo na flasha ya kuchomoa. Mapigo hutolewa na kompyuta ya gari, na huko huenda rizista ndiyo njia pekee iliyobaki. Basi ifungwe kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na plastiki na mbali na nyaya nyingine, na viungo vitiwe lehemu badala ya kusokotwa kwa vidole na kuviringishiwa tepu. Tepu ya hapa kwetu mnaijua: jua la miezi miwili tu, gundi imeyeyuka na imejifungua yenyewe.

Kabla ya yote hayo, naomba tabia moja ndogo. Mteja akija na indiketa inayokimbia, rudisheni kwanza balbu za uzi upande mmoja, mwashe. Mapigo yakitulia, mjue tatizo ni mzigo, na flasha ya LED itamaliza kazi. Yasipotulia, msiuze flasha, tafuteni kwingine. LED ikikataa kuwaka kabisa, na ni ile ya kuchomeka isiyo na kitako cha chuma, igeuzeni tu, maana LED ina upande wa chanya na upande wa hasi, balbu ya uzi haikuwa na habari hiyo. Taa ndogo za nyuma zikipepesa pamoja na indiketa, au breki ikikanyagwa na indiketa nayo ikawaka kidogo, hiyo ni athi. Vumbi letu, jasho la mvua chache na kutu vimekaa kwenye ile skrubu moja ya bodi. Vuteni waya mmoja kutoka hasi ya betri mpaka kwenye athi ya taa. Yote yakinyooka, mmepata mchawi wenu. Kazi ni msasa na skrubu mpya.

Nije kwa bodaboda, kwa maana wao ni wengi kutushinda na wanalindwa na bati dogo kuliko sisi. Pikipiki nyingi zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, inayotumika kwa kushoto na kulia. Taa hiyo imeungwa kati ya pande mbili. Zamani, umeme ukivuka kupitia kwayo kwenda upande wa pili, ulikuwa mdogo mno kuwasha balbu ya wati 10, hakuna aliyeuona. LED inawaka kwa umeme huohuo mdogo. Matokeo yake mnayaona steji ya Lokichar kila siku: kijana anabonyeza kulia, taa zote nne zinapepesa. Anayemfuata haelewi kama anapinda, anasimama, au ameharibikiwa. Wengine wamekwisha kubadilisha flasha mara mbili na hali ni ileile, kwa sababu hapo flasha haina kosa.

Jawabu ni dayodi mbili. Nilimwona kijana wenu mmoja Lodwar akizitoa kwenye chaja ya simu iliyokufa. Alikata ule waya wa taa ya dashibodi pande zote mbili. Akaweka dayodi moja kwenye waya wa kushoto na moja kwenye wa kulia, mstari wa fedha ukielekea kwenye taa, akaziunganisha hapo mbele, kisha mguu wa pili wa taa akaupeleka kwenye athi. Dakika ishirini. Mwenye pikipiki alibonyeza kulia, ikawaka kulia peke yake, akazunguka kuangalia kushoto, akabonyeza tena kama mtu asiyeamini macho yake. Kazi kama ile ndiyo ninayoiombea nafasi katika barua hii, na vijana wanaosomea ufundi kwa Don Bosco pale Kakuma wangefundishwa siku ya kwanza wanaposhika taa za pikipiki.

Mtaniuliza, kwa nini makelele yote haya kwa taa ya kona? Kwa sababu barabara imebadilika na sisi hatujabadilika nayo. Tulipokuwa tunatambaa kwenye mashimo kutoka Lokichar kwenda Lodwar, karibu kilomita 90 zikila nusu siku, ulikuwa unaweza kumtolea mwenzako mkono dirishani. Leo lami ipo. Mtu anakwenda 100 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakula mita 28 kila sekunde. Tangu mafuta yaanze kusafirishwa kwa malori kutoka hapa Lokichar kwenda Mombasa mwaka 2018, tumezoea kukutana na magari makubwa ya kila aina, na njia hii ndiyo inayobeba mizigo ya Kakuma na ya Sudan Kusini. Indiketa ndiyo sauti pekee iliyobaki kati yetu.

Nayo ina lugha yake. Ukiwa nyuma ya lori usiku, dereva akiwasha ya kulia anakuambia usipite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia njia ni nyeupe, pita. Haimo katika sheria. Ni wema wa dereva kwa dereva, na mwenye akili huhakikisha kwa macho yake kabla ya kutoka. Lakini wema huo unahitaji taa inayosomeka. Niliwahi kulifuata lori baada ya Kalemngorok ambalo taa yake ya kulia ilikuwa inatetemeka ndani ya vumbi la kandokando, haraka hivi kwamba sikujua kama ni indiketa au ni waya unaogusana. Nikarudi nyuma na kusubiri. Sekunde chache baadaye basi likapita upande wa pili, taa zote zikiwa juu. Nilinusurika kwa sababu siku hiyo sikuwa na haraka.

Kuna kipimo, nacho si cha kubahatisha. Japani, zinakotoka Probox zetu, sheria inataka indiketa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, ambayo watengenezaji wengi wa magari wanaifuata, inasema hivyohivyo. Kwa sekunde kumi, ni mapigo 10 hadi 20. Huhitaji mashine. Unahitaji saa ya simu na macho.

Kwenu wenye maduka ya spea, nina maneno machache. Mmejaza kaunta LED nyeupe, za buluu, za zambarau, lakini nikiuliza flasha ya LED naambiwa iko Eldoret. Wekeni flasha kando ya balbu, za volti 12 na za volti 24, na mteja akinunua balbu mwonyesheni na flasha. Na rangi: LED nyeupe nyuma ya kioo cha rangi ya machungwa hutoa mwanga uliopauka, kwa kuwa kioo kinakataa sehemu kubwa ya mwanga wake. Mchana wa Turkana, jua likiwa nyuma ya gari, taa hiyo haionekani. Nyuma ya kioo cha machungwa wekeni LED ya machungwa. Nyuma ya kioo cheupe cha indiketa, vilevile. Indiketa ya buluu haina maana yoyote barabarani. Msiwauzie watoto wa watu.

Wenye magari pia wasikie, maana najua nyinyi mafundi mnavyobanwa nao. Tajiri anasema balbu tu, hilo lingine ni ulaji wa fundi. Fundi mzuri naomba amkatalie. Balbu bila flasha isifungwe. Tukikubaliana hivyo sote, hakuna atakayemkimbilia fundi wa jirani kwa bei ya chini.

Na kuna jambo moja la kumwambia kila mteja kabla hajatia ufunguo. Akishawekewa flasha ya LED, gari halitamwarifu tena taa ikifa. Tik-tok itaendelea ileile hata kama nyuma kuna giza. Ile mbio ya zamani ilikuwa mlinzi, nasi tumemwachisha kazi. Mwambieni azunguke gari lake kila asubuhi na hazadi imewashwa, aziangalie zote kwa macho.

Mimi sasa nimetoa rizista zote. Nina flasha ya miguu mitatu, taa za machungwa, na waya mpya wa athi upande wa kushoto. Taa ya nyuma iliyoyeyuka nimeiacha ilivyo, nami namwonyesha kila dereva anayeniambia ya kwake inakimbia kidogo tu. Kesho asubuhi, kabla ya gari la kwanza kutoka gereji zenu, washeni kulia, tazameni saa, mhesabu sekunde kumi. Mapigo yakipita 20, gari hilo lisitoke.

Wenu,
Dereva, Lokichar